Kalamu Niliyokunyang'anya

Shangazi,

Mwanao Debora anakuja saa kumi. Sasa hivi ni saa saba na nusu mchana, na mimi nimekaa juu ya kitanda cha hosteli nikitafuna kucha kama mtoto wa darasa la pili. Anakuja na fomu ya fundi wa mawe ya makaburi. Wamesema udongo wako umeshatulia, jiwe linaweza kuwekwa, na kilichobaki ni maneno ya kuchonga tu. Maneno Debora anayo tayari. Ni yale uliyoyasema hospitalini siku zako za mwisho, yale niliyoyatangaza mimi mbele ya watu wote siku ya kukuzika: "Mwambieni Debora asilie. Aendelee na masomo."

Wewe na mimi tunajua kwamba hukuyasema.

Haya, nimeshaiandika. Tangu asubuhi nilitaka kuomba kwanza, maana si mimi ndiye mwanafunzi wa theolojia, mwaka wa tatu, mtu wa kutegemewa? Nimepiga magoti mara mbili. Kila nikifumba macho naanza kupanga sentensi nzuri nzuri, najisikia aibu, nasimama. Kwako siwezi kupanga. Wewe ulikuwa unanikatiza katikati ya sala ya chakula: "Mtume, wali unapoa." Mtume! Ndilo jina ulilonipa tangu wiki ya kwanza niliposhuka uwanja wa ndege na Biblia mbili na sweta moja. Nilijifanya silipendi.

Nikupe habari za huku kwanza, nipate pumzi. Nyumba yako ya Walthamstow wanakaa watu wengine, wamepaka mlango rangi ya njano, ungewasema mpaka wahame. Yule Mpakistani wa sokoni aliniuliza yuko wapi yule mama anayemgombeza kwa bamia zilizokomaa. Nilipomwambia umefariki, alinijazia mfuko bamia changa, moja moja, akageuka kupanga nyanya zake. Ushirika wetu wa Kiswahili umehamia ukumbi mmoja kule Stratford wenye madirisha yasiyofunguka, na kwaya wamepata kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe. Ungenuna kuanzia pambio la kwanza mpaka baraka.

Debora yuko chuo kikuu, mwaka wa pili. Amerefuka, amekupita. Bado anaelewa Kiswahili chote na bado anajibu kwa Kiingereza, kama ulivyomwacha. Kila mwezi anapanda basi kwenda kaburini kwako, kama ulivyotaka mwenyewe ulipokuwa mzima, uliposema ukifa usirudishwe kwetu Muheza, uzikwe mahali mtoto atakapofika kwa basi. Anang'oa majani, anasimama kidogo, anarudi.

Na hajalia. Mwaka mmoja na nusu, Shangazi, sijaona mtoto yule akitoa chozi. Siku tatu baada ya mazishi aliingia kwenye chumba cha mtihani na sketi yake ya shule imepigwa pasi, akafanya, akafaulu. Watu wa ushirika wakasema, oneni imani, mtoto amelitii neno la mama yake. Mimi nilikuwa pale pale nikigawa chai. Nikasema amina.

Ngoja nikukumbushe siku ile, ingawa ulikuwapo.

Ilikuwa Jumanne, mchana, saa za kuona wagonjwa. Debora alikuwa shule. Mimi nilikuja na daftari langu la tafakuri, lile ambalo chuo kinataka tuandike kila wiki jinsi tunavyokua kiroho, halafu mwalimu mlezi analisoma. Ulishusha ile barakoa ya hewa ukasema, "Tabitha, nipe kalamu yangu." Hukuniita Mtume. Pale pale ningetakiwa kuelewa. Ukachukua daftari, ukafungua ukurasa mweupe, ukaliegemeza kwenye goti, ukaanza kuandika pole pole kwa mwandiko wako ule wa kulala: Debora mwanangu, mimi.

Nikaona unachofanya. Ulikuwa unaaga.

Na sisi kwenye ushirika wetu mtu haagi. Unatujua. Mgonjwa akisema "nikifa" tunamrukia wote, shindwa, shindwa, tunaimba mpaka anyamaze, maana tumefundishana kwamba ukikitaja kifo umekifungulia mlango. Nimeona watu wakizimwa hivyo tangu nikiwa mdogo, na nilijua kufanya hivyo kuliko wote. Nilikuwa na sauti. Nilikuwa na theolojia pia, kama miezi saba hivi.

Nikakunyang'anya kalamu. Sisemi niliichukua, nilikunyang'anya, vidole vyako vilikuwa bado vimeishika. Nikasema kwa sauti, "Nakataa! Shangazi, wewe hufi, nakataa kwa jina la Yesu!" Nikafunga daftari, nikaanzisha pambio, nikapiga makofi mle wodini mpaka nesi akachungulia na yule bibi wa kitanda cha pili akavuta pazia lake. Ulinitazama tu. Halafu ukasema, "Haya, Mtume. Imba." Ukarudisha barakoa usoni.

Jumatano hukuweza tena kusema. Alhamisi ukaenda.

Debora alikuja mbio kutoka shule, begi mgongoni, akaniuliza pale kwenye korido kama ulisema lolote. Daftari lilikuwa mkobani mwangu, Shangazi. Ningelitoa tu. Badala yake nikafungua mdomo na maneno yakatoka yenyewe, yamenyooka, ya mahubiri: asilie, aendelee na masomo. Kwa nini asilie, kati ya vyote? Nimejiuliza sana. Nadhani niliogopa kwamba nikimwona analia nitasema ukweli. Basi nikamziba na yeye, kama nilivyokuziba wewe, ndani ya siku mbili, na wote wawili kwa jina la Bwana.

Wiki iliyofuata nilichana ule ukurasa, nikaukunja, nikauficha ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Halafu nikaandika kurasa nne safi kuhusu kifo chema cha mwanamke wa imani, pamoja na maneno yake ya mwisho. Nikampelekea mwalimu wangu mlezi. Unamkumbuka, yule mama wa Kiingereza mwenye mvi na sweta la kijani, aliyekuja kukuona akaleta ndizi. Alizisoma, akaandika pembeni kwa penseli: "Shangazi yako nimemwona. Wewe ulikuwa wapi?"

Lo, nilikasirika! Nikasema hawa Wazungu imani imewatoka, wanataka kila mtu akae ajichunguze kitovu. Nilimnunia mwezi mzima. Nilimwamkia kwa ukali, kama kuna namna ya kumwamkia mtu kwa ukali kwa Kiingereza, na ipo. Naye wala hakujali. Kila kazi niliyompa tangu siku hiyo, mahubiri, historia ya kanisa, hata insha juu ya nyaraka za Paulo, penseli ile ile pembeni: wewe ulikuwa wapi? Nilipata alama nzuri. Nilijifunza Kigiriki. Nilihubiri mpaka watu wakasimama. Na ndani mwangu hamkuwa na mtu. Nilidhani kukua kiroho ni sauti kuzidi kuwa kubwa, na nilikuwa na sauti kubwa kweli, na nilikuwa siwezi kukaa na Debora dakika kumi bila kutafuta cha kuosha jikoni.

Ningeendelea hivyo mpaka nizeeke. Kilichonivunja ni mzee mmoja wa Kipemba.

Mwaka huu chuo kimenipangia kutembelea wagonjwa katika hospitali moja ya kusini mwa mji, upande wa Tooting. Mwezi uliopita nesi aliniita: kuna mzee anasema Kiswahili, mkwewe hajafika, tafadhali njoo. Nikaenda. Mzee aliutazama msalaba wangu, akaitazama wodi nzima kama anayetafuta mtu mwingine, akanirudia mimi. Akasema, "Dini mbalimbali, lakini lugha unayo. Kaa, mwanangu. Chukua karatasi. Nataka kuusia."

Neno lile, shindwa, lilikuwa limeshafika kwenye meno. Ndipo nikakukumbuka wewe na lile bomba la maji.

Unakumbuka ulivyonipeleka kazini kwako, kwenye ile nyumba ya wazee, nijifunze kuogesha? Nilikuwa na haraka, nilitaka kumaliza kumi kabla ya chai. Bibi mmoja alianza kusimulia farasi wa baba yake, mimi nikaendelea kumwagia maji. Ukanishika mkono. "Mtu akianza kusema, funga bomba kwanza." Ukalifunga, ukakaa kwenye kigoda na sponji mkononi, maji yanapoa, wewe unamsikiliza bibi wa watu na farasi wake mpaka farasi akafa na kuzikwa. Halafu ukafungua bomba ukaendelea kumsugua mgongo. Nilikuona mvivu siku ile. Nisamehe na hilo pia.

Basi nikafunga bomba. Nikakaa. Mzee akausia: nani amwoshe, nani asikaribie kabisa, redio yake apewe mjukuu gani, na dada yake aliyeko Wete aambiwe ule ugomvi wa ukuta umekwisha, amemwachia. Kurasa mbili. Alitaka nimsomee mara mbili, akanisahihisha jina la dada yake. Akasema, "Hapo sasa nimetua," akalala, akaanza kukoroma.

Na hakufa! Shangazi, mzee hakufa! Jumatano iliyofuata nilimkuta amekaa anavaa viatu, anagombana na mkwewe kuhusu koti, ameruhusiwa kwenda nyumbani. Alinipungia mkono kama mtu anayekwenda harusini. Nilikaa kwenye kitanda chake kitupu nikacheka, nikacheka, halafu nikalia mpaka nesi akaniletea maji. Amekitaja kifo kwa kurasa mbili na amekwenda nyumbani kula. Kwa hiyo siku ile kitandani kwako sikuwa nakulinda na chochote. Nilichokiita imani kilikuwa woga, woga wangu mimi, wa kubaki bila wewe katika mji huu, na nikakunyamazisha ili nisiusikie.

Jumatatu nakaa mbele ya jopo la chuo. Ndio watakaoamua kama wamwandikie askofu kwamba niwekewe mikono kuwa mchungaji. Natakiwa kuwasomea kwa sauti jinsi nilivyokua kiroho katika miaka hii, na zile kurasa nne zimeshachapwa, ziko mezani, nzuri sana. Nikimwambia Debora leo, Jumatatu siwezi kuzisoma. Lakini jopo silo linalonitafunisha kucha. Mimi namwogopa Debora. Hana ndugu mwingine mji huu ila mimi, na mimi sina mwingine ila yeye. Nikikaa kimya, jiwe litachongwa "usilie", na atalisoma kila mwezi mpaka awe bibi.

Ni saa tisa na nusu. Nimeutoa ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo. Mkunjo umeacha mstari katikati ya jina lake.

Nasikia viatu kwenye ngazi. Amewahi, kama wewe.

*

Jumapili, mchana, nimetoka ibadani.

Nimemwambia.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha meza na koti lake, hakulivua. Fomu ameijaza kwa herufi kubwa, imenyooka, kama alivyonyooka yeye: USILIE. ENDELEA. Alitaka tu nimhakikishie kama kuna kituo au mkato kati ya maneno yale mawili. Nikasema yote kwa mara moja, nimesimama, bila utangulizi. Nilimwambia kalamu, makofi, pambio, korido. Alinisikiliza kama anavyosikiliza watu wa benki. Akaniuliza kwa Kiingereza, katika yale maneno, ni lipi ulilolisema kweli. Nikasema hakuna. Akauliza, hata moja? Nikasema hata moja.

Nikampa ukurasa.

Aliusoma. Akaweka kidole juu ya neno lako la mwisho, akageuza karatasi nyuma, akaigeuza tena. Halafu akaniuliza kwa Kiswahili, mtoto huyu ambaye sijamsikia akisema Kiswahili tangu akiwa hana meno ya mbele: "Mimi nini?"

Nikasema sijui. Nikasema, sikumwacha amalizie.

Hapo ndipo alipolia. Si kilio cha hapa cha kushika pua na kitambaa. Alilia kama wanavyolia kwetu mtu akiletewa habari, kwa sauti, ameshika tumbo, akikuita mama, mama, mpaka yule Mkorea wa chumba cha tatu akagonga kuuliza kama kuna mtu ameumia. Nikataka kumshika. Akaniambia nitoke. Chumba ni changu, lakini nilitoka.

Nilikaa kwenye ngazi zaidi ya saa nzima. Sikuimba. Sikusema nakataa. Kila mkono wangu ulipotaka kugonga mlango niliukalia. Nilikuwa nimechelewa mwaka mmoja na nusu, lakini nilisikiliza mpaka mwisho.

Alipotoka macho yalikuwa yamevimba, na uso ulikuwa wako kabisa, ule wa siku unazorudi kazini ukiwa umechoka na hutaki kuulizwa. Ukurasa ameutia mfuko wa ndani wa koti. Akanipita pale kwenye ngazi bila kuaga. Ile fomu niliikuta kitandani, imechanwa vipande viwili.

Leo baada ya ibada simu ya korido imelia, nikaitwa. Alikuwa yeye. Hakunisalimu. Alisema atampigia fundi wa mawe kesho asubuhi, na fundi alishamwambia zamani kwamba anaweza kuchonga mwandiko wa mtu akiletewa karatasi. Jina lako, miaka yako, na chini yake, kwa mkono wako mwenyewe uliolala: Debora mwanangu, mimi. Basi, hakuna lingine.

Na mimi, kiherehere hakijaniisha, nikamwambia, Debora, sentensi haijaisha, watu watasema fundi amekosea. Akasema, kwa Kiswahili chake kile kinachochechemea, "Watakaouliza nitawaleta kwako."

Akakata simu.

Hajanisamehe, Shangazi. Sikumwomba aharakishe. Nimesimama pale koridoni na simu mkononi nikajua kwamba hiyo ndiyo kazi niliyopewa, kola shingoni au bila kola: kila atakayesimama mbele ya jiwe lako akashangaa, nimwambie mimi kwa nini limekatika hapo. Nitawaambia. Watu wa ushirika nitaanza nao Jumapili ijayo, na najua watakavyonitazama.

Zile kurasa nne nimezitupa. Nimeandika mbili nyingine asubuhi hii kabla ya kanisa, mbaya, zina makosa, zina kalamu na wodi na makofi yangu. Kesho nitazisoma. Mwalimu wa sweta la kijani ataona safari hii nilikuwa wapi. Wakinikatalia, watakuwa na haki yao, nitalia kidogo, kisha nitaomba kazi kwenye ile nyumba yako ya wazee, kuogesha najua.

Kalamu yako bado ninayo, ya bluu, kifuniko umekitafuna. Nakuahidi itakaa mfukoni mwangu kila nitakapoitwa kwa mgonjwa, na atakayeiomba nitampa, na sitamwimbia mpaka anitake. Kwaheri, Shangazi yangu. Nenda sasa, nimekuzuia vya kutosha. Na ile sentensi, kama huko uliko kuna namna yoyote, malizia. Bomba nimelifunga.

Mtoto wa kaka yako,
Tabitha